Kitako cha Kopo

Sokoni wananiita Mama Kitako. Jina lenyewe halina heshima, najua, na vijana wa viazi hulivuta makusudi wakiniona natokea kwenye kona, ili watu wageuke kutazama kama jina limefuata umbo. Halikufuata. Nililipata kwa tabia moja: kabla ya kuuliza bei naomba kwanza sado. Naipindua, natazama kitako chake, nazamisha mkono ndani napapasa, ndipo naiweka chini na kuuliza nyanya shilingi ngapi.

Kwa asiyekaa Dar es Salaam: sado ni ndoo ndogo ya plastiki, jina limebaki kutoka ndoo za rangi ya Sadolin, na jiji zima linanunua viazi, nyanya na vitunguu kwa kipimo hicho. Ila hakuna sado mbili zinazolingana. Nyingine imekatwa mdomo kwa kisu cha moto. Nyingine imepashwa joto chini ikabonyezwa kwa ndani, kitako kimepanda juu kama kisigino. Muuzaji akikupangia nyanya nne kubwa juu unaona mlima, kumbe mlima wenyewe umeanzia ghorofani. Mimi ni mama lishe, nina kibanda Temeke, napikia watu kama sabini kwa siku. Sado ikinipunja viazi vitatu kila asubuhi, mwisho wa mwezi imeondoka karibu ndoo nzima.

Lakini tabia hiyo sikuianzia sokoni. Niliianzia Kibada, Kigamboni, chini ya mikorosho ya bibi yangu mzaa mama, Desemba ya 1992, nikiwa na miaka 11.

Shule zikifungwa, ripoti ikishasomwa na wa kuchapwa akishachapwa, mama alitufungia nguo kwenye kanga na kutupeleka Feri. Wakati ule kwenda Kigamboni ilikuwa safari. Daraja la Nyerere, lile la mita 680 pale Kurasini, lilifunguliwa 2016. Sisi tulivuka kwa pantoni, tumebanana na baiskeli, matenga ya kuku na wanawake waliotoka kununua samaki, kaka yangu akichungulia maji mpaka mama amwite kwa jina lake la kwenye cheti. Ng'ambo tulipanda chai maharage, yale magari ya mabenchi ambayo abiria mnatazamana magoti kwa magoti. Mahali gari lilipoishia tuliendelea kwa mguu, kwenye mchanga unaounguza nyayo. Bibi alikuwa ameshatuona toka mbali.

"Mke mwenzangu umefika," ananiambia, maana kwa utani wetu mimi na yeye tulikuwa na mume mmoja, babu, ambaye alikwisha kufa. "Weka mzigo. Miti inakungoja."

Hatukwenda kutembea. Tulikwenda kuokota korosho, na tulilipwa.

Neno ni kuokota, siyo kuchuma, na Bibi alikuwa mkali kwenye hilo. Korosho inaning'inia chini ya bibo kama kipuli sikioni, na bibo likiiva linaanguka lenyewe. Ukipiga tawi kwa fimbo zinaanguka na zile changa, na korosho changa ukiianika inasinyaa. Ndani unakuta kitu kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Basi kazi kubwa inafanyika kabla. Mwezi wa kumi Bibi anakuwa ameshafyeka na kufagia chini ya kila mkorosho, duara safi kama uwanja wa ngoma, ili kinachoanguka kionekane. Baada ya hapo ni kuamka. Tulitoka na umande, kila mtoto na kikapu chake, kabla jua halijapanda, kwa sababu bibo likishinda chini linachacha, nyuki wanalivamia, na kuku wa jirani hawana adabu.

Unashika bibo kwa kushoto, unaisokota korosho kwa kulia mpaka inyofoke, kisha unakwangua kwa ukucha ule unyama uliobaki kichwani. Ukiuacha, utaoza na kuozesha korosho kwenye jamvi. Ya kwanza unaifanya vizuri. Ya mia mbili vidole vimenata, maji ya bibo yametiririka mpaka kwenye kiwiko, na kila utakapojifuta unajipiga muhuri. Doa la bibo halitoki. Kwenye kitambaa cheupe kwanza halionekani kabisa, unadhani umepona, halafu nguo ikifuliwa doa linaibuka la kahawia na linabaki hapo mpaka nguo iwe tambara. Mwanafunzi aliyefungua shule Januari na shati la namna hiyo hakuhitaji kuulizwa likizo alikuwa wapi.

Miti ilikuwa na majina. Kulikuwa na Manjano, mabibo yake matamu na hayakerekeshi koo. Kulikuwa na Wa Kisimani. Kulikuwa na Kizee, aliyelala ubavu mpaka matawi yake yakagusa chini, ukiingia ndani ni kama chumba. Na kulikuwa na miti ya maji moto. Hao ni chungu wekundu wanaoshona majani wakafanya nyumba, na ukipita chini yao vibaya wanashuka shingoni na unapata maana ya jina lao. Kaka alitaka kuwachoma. Bibi akamwambia akiwachoma atalala njaa, kwa sababu miti yenye maji moto ndiyo inayozaa. Tulidhani ni imani za kizee. Nimekuja kusoma ukubwani kwamba watafiti wa korosho wamelithibitisha: maji moto wanawala wadudu wanaofyonza machipukizi, hasa yule ambaye wakulima wanamwita mbu wa mikorosho. Bibi hakuwa na mtafiti. Alikuwa na macho na miaka.

Kisha kulikuwa na korosho za popo, na hizi ndizo zilizonifundisha hesabu. Popo wakubwa wanakuja usiku, wanakwanyua bibo pamoja na korosho yake, wanakwenda kulila kwenye mti mwingine kwa raha zao, korosho wanaiacha ianguke. Kwa hiyo chini ya mwembe wa jirani, ambaye hakuwa na mkorosho hata mmoja, asubuhi kulikuwa na korosho. Za nani? Jirani alisema zimeanguka kwake. Bibi alisema mwembe haujawahi kuzaa korosho. Walibishana kila msimu, kwa utani wenye ukweli ndani, na mwisho wakaafikiana kwamba ni za mtoto atakayeziwahi. Sisi watoto tukaziita mali ya Mungu. Hazikuingia kwenye kikapu cha Bibi. Kila mtoto aliweka zake, na jioni tulichimba kishimo kwenye mchanga tukazichezea kama gololi: unarusha, inayoingia yako, isiyoingia inaliwa na anayefuata. Mtu anayecheza kamari anajua idadi ya mali yake. Mimi nilijua yangu usiku na mchana.

Mdomo wangu wa juu, upande wa kushoto, una alama ndogo nyeusi ambayo wateja wengine hudhani ni wanja. Ni korosho. Kaka aliniambia naweza kuipasua mbichi kwa meno kama karanga, nami nilikuwa na njaa na kiburi. Ganda la korosho lina mafuta meusi mazito yanayounguza ngozi kama tindikali. Kwanza nilisikia uchungu, halafu joto, halafu mdomo ukaanza kukua wenyewe. Bibi alinipaka mafuta ya nazi, akanikalisha kivulini, akamfukuza kaka na mwiko. Siku nne nilikunywa uji kwa bua la jani la mpapai, ngozi ikibanduka vipande vipande.

Ndiyo maana kubangua ilikuwa kazi ya watu wazima. Bibi aliziweka kwenye kipande cha debe juu ya mafiga na kukaa upande unaotoka upepo. Mafuta yakianza kutoka yanashika moto, ndimi zinaruka juu, moshi mzito unawasha macho ya watu watatu; hapo anazimwaga chini haraka na kuzifukia mchanga. Zikipoa anapaka majivu mikononi, anagonga kwa jiwe, moja baada ya moja, na katika kumi tunapewa moja. Watu wanaolalamika kwamba korosho ni ghali wakae mbele ya moto ule asubuhi moja. Kilo nne au tano za korosho ghafi ndizo zinazokupa kilo moja ya kutafuna.

Sasa malipo. Bibi alitulipa kwa kopo, shilingi tano kila kopo lililojaa, korosho zikiwa zimeshaanikwa siku tatu na zinapiga njuga ukizitikisa. Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga, karatasi yake ilishatoka zamani. Alikuwa amepita kisomo cha watu wazima na aliweza kuandika jina lake, lakini kwenye mahesabu aliuamini mkaa: kila mtoto alikuwa na sehemu yake ukutani, kopo moja mstari mmoja. Alijaza, akatikisa mara mbili, akafuta juu kwa kiganja. Hakuongeza kilemba na hakuacha shimo. Pesa ilitoka mnunuzi akishapita, siyo kabla.

Nilimwibia mara moja. Nilikuwa nimebakiza nusu kopo kufikia mistari 30, nikatia katikati mabibo makavu, juu nikafunika korosho nzuri. Bibi alifuta kwa kiganja kama kawaida, akalinyanyua, akalishusha, akalinyanyua tena.

"Mke mwenzangu, kopo lako leo jepesi. Limelala na njaa?"

Akalimwaga kwenye jamvi mbele ya wote. Hakunigusa. Alilowesha kidole kwa mate akaenda ukutani akafuta mistari miwili. Nikalia kwamba kosa ni kopo moja. Akasema la kwanza ni hili, la pili ni kwa yale ambayo hakuyaona. Nilikasirika siku mbili nzima, maana hayo mengine hayakuwepo, nami sikuwa na njia ya kuthibitisha. Hiyo ndiyo bei ya kukamatwa mara moja: unalipia na ambayo hukuyafanya.

Mnunuzi alikuja na baiskeli, magunia mawili matupu kwenye keria na kopo lake limefungwa kwa mpira juu yake. Siku hizi wangemwita kangomba, mchuuzi anayepita mashambani kununua korosho kwa kopo. Soko la korosho lilikuwa limefunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka mmoja hivi kabla, na watu wa namna yake walijaa kila mahali kwenye mikorosho. Alikuwa mcheshi, alijua majina yetu wote, alituletea pipi za kijiti. Kopo lake lilikuwa la maziwa ya unga, lilelile kama la Bibi, nalo karatasi imetoka. Alikaa chini ya Kizee, akaliweka kwenye mchanga, akajaza, akafuta juu kwa kiganja kama anavyofanya Bibi, akahesabu kwa sauti. Kila kitu kilikuwa cha haki.

Hata ikanyesha. Mvua ya ghafla, ya vuli iliyochelewa, tukahamisha jamvi na magunia mpaka barazani. Nyumba ya Bibi ilikuwa ya udongo, ila mlangoni palikuwa na kipande cha sementi alichopigiwa na mjomba. Mnunuzi akaliweka kopo pale kwenye sementi ili aendelee.

Likacheza.

Kidogo tu. Lilipinda kushoto, likarudi kulia, kama kitu kilichowekwa juu ya kokoto. Akalishika haraka kwa mkono wa pili na kuendelea kujaza. Lakini mimi nilikuwa nimechuchumaa, macho yangu yako sawasawa na kitako, na nilikiona: kimetumbuka kwa nje kama tumbo la mtoto mwenye safura. Kwenye mchanga tumbo lile lilikuwa linazama lisionekane. Ni mtu mwenye akili aliyepiga kopo lile kwa ndani, taratibu, bila kulitoboa.

Mwenyewe alipokwenda kujisaidia nyuma ya nyumba, nikazimimina korosho zangu za popo kwenye kopo lake. Nilishajua kwamba kopo la Bibi linachukua 140, likizidi au kupungua ni mbili tatu. La kwake lilimeza 140 likabaki na shimo. Nikaongeza. Nikaongeza. Lilijaa kwenye 162. Sikuwa hodari wa hesabu darasani, lakini hii niliipiga palepale kwa vidole: katika kila makopo sita aliyolipa, la saba alilibeba bure, kasoro punje nane.

Aliporudi nikasema. Nilisema kwa sauti ya mtoto anayetegemea kupigiwa makofi: kopo la huyu baba lina tumbo, nimehesabu, ni 162. Kimya kikaingia. Mnunuzi akacheka, akanitazama, akamtazama Bibi. Nilisubiri Bibi achukue kopo alitupe kichakani. Bibi akasema, "Wewe mtoto, kamletee mgeni maji ya kunywa." Nilipotoka na kikombe, walikuwa wanaendelea kuhesabu, kwa kopo lilelile, sauti ileile. Kumi na nne. Kumi na tano.

Usiku ule sikula. Bibi alikuja akakaa kwenye kitanda cha kamba, akanikuta nimegeukia ukuta. Nitayaandika aliyoyasema kama ninavyoyakumbuka, ingawa kumbukumbu nayo huongeza chumvi.

"Kitako kile nakijua. Nakijua tangu msimu wa juzi. Unafikiri mimi sina kiganja?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema.

"Ukitaka kumwambia mtu mwizi, hakikisha kwanza una mnunuzi mwingine amesimama mlangoni. Mlangoni kwangu kuna nani?"

Ndipo akanieleza jambo ambalo sisi watoto hatukuwa tukilijua. Mikorosho minane ya upande wa bondeni, ile ambayo kila mwaka tuliambiwa tusiiguse kwa kuwa ina mashetani, haikuwa na mashetani. Ilikuwa rehani kwa mnunuzi yule. Pwani mti ni mali yenyewe, mbali na ardhi. Mtu anaweza kuweka rehani minazi yake mitano au mikorosho yake minane, na aliyetoa pesa akaivuna mpaka alipwe. Babu alipougua, pesa ya hospitali ilitoka kwa mtu huyu. Baadaye ikaja na salfa. Mikorosho ilikuwa imeingiwa na ubwiri unga, ule ugonjwa unaonyunyiza unga mweupe kwenye maua na kuyakausha kabla hayajashika, na dawa yake ilikuwa salfa ya kupulizia. Bibi hakuwa na pesa ya salfa. Mwenye kopo alikuwa nayo, akakopesha.

Miti ile ilikuwa imeshapitia mengi hata kabla ya hapo. Babu aliipanda akiwa kijana, na ilipoanza kuzaa vizuri ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishiwa vijijini, miti ikabaki na tumbili. Wilaya yetu ilikuwa na kijiji cha ujamaa mashuhuri, Gezaulole, jina la Kizaramo, yaani jaribu uone. Bibi alikuwa akilitamka kwa namna yake: tulijaribu, tukaona. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Bei mbaya, watu kuwa mbali na miti yao, na ubwiri unga, vyote vilichangia. Mimi takwimu hizo nilizikuta gazetini mtu mzima. Kwa Bibi zilikuwa miti minane na mtu mwenye baiskeli.

Nikamuuliza sasa mimi kuhesabu kote kule kumesaidia nini. Akafikiri.

"Mwakani atapiga kopo lingine," akasema, akaenda kulala.

Hakupiga. Msimu uliofuata alikuja na lilelile, na bei akapandisha kidogo bila kuombwa, na kila alipopima alinitupia jicho. Sijui kama ile ni haki. Nilichokijua ni kwamba mara hii Bibi alikuwa amemwita na mnunuzi mwingine, kijana wa Mji Mwema, aje siku hiyohiyo saa hiyohiyo, akae barazani anywe maji asiseme kitu.

Miti minane mama aliikomboa mwaka 1996. Bibi akafa, Mungu amrehemu, kabla mradi wa viwanja 20,000 haujafika Kibada, ule ulioanza mwaka 2002. Shamba likapimwa, mikorosho ikahesabiwa kwa shina, kukawa na barabara za kunyooka na kuta zenye vigae vya chupa juu. Kizee sijui aliangukia kiwanja cha nani. Jiji hili lina Mabibo, lina Mikoroshini, na ukienda huko hutapata hata bibo la dawa; nadhani Kibada nayo ingeitwa jina la namna hiyo kama wapimaji wangekuwa na uvivu wa kutafuta.

Mimi nikarithi kopo.

Nimesema mambo ya sado kana kwamba siku zote niko upande wa anayepunjwa. Hapana. Biashara ilipokua nikaanza kununua viazi na vitunguu kwa gunia, na wanaofanya biashara hii wanajua gunia tunalolipenda: lumbesa. Gunia limejazwa mpaka mdomoni, halafu likashonewa kichwa cha pili juu, kilemba cha kamba na majani, na linaitwa gunia moja kwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wanapiga kelele kila mwaka kwamba mzigo usizidi kilo 100, Sheria ya Vipimo ipo, na kuna waliotozwa faini. Lumbesa bado zinaingia mjini usiku. Mwanzoni nilifurahi nazo. Kile kilemba ndicho kilichokuwa faida yangu ya wiki. Ilinichukua miaka, nasema kweli, kukitazama kile kilemba nikakifahamu: ni tumbo la kopo, limegeuzwa tu likawa juu. Mkulima wa kule juu anakijua kama Bibi alivyokijua. Mlangoni kwake kuna lori moja.

Niliacha? Nilipunguza. Ninapoweza kununua kwa mizani nanunua kwa mizani. Ninapokuta lumbesa peke yake na watu sabini wanasubiri wali, nanunua lumbesa.

Pembeni ya kibanda nauza pia korosho, nakaanga mwenyewe na kufunga kwenye vipakti vidogo. Kuna dada mmoja ananiletea kutoka Mkuranga, zimeshabanguliwa, kila Desemba mpaka Januari. Tunapimiana kwa kopo la Bibi. Nimemweleza historia yake mara nyingi, pengine mara nyingi mno: kwamba hili ni kopo la mwanamke ambaye hakuongeza kilemba na hakuacha shimo. Huwa anasikiliza, anasema "kweli mama," na tunaendelea.

Desemba iliyopita nilikuwa nimetoka kupigiwa sakafu mpya, vigae vyeupe. Nikashusha kopo chini, nikamwambia amimine.

Likacheza.

Tulilitazama wote wawili. Nikalipindua, kwa mara ya kwanza, mimi Mama Kitako, niliyepindua sado za soko zima. Vijana wangu wa jikoni huwa wanalitumia kutwangia vitunguu saumu nisipokuwepo. Nimewagombeza hata nimechoka. Chuma cha zamani ni laini. Kitako kilikuwa kimetumbuka, siyo sana, kama shavu la mtu aliyeficha pipi. Nilianza kumweleza habari ya vitunguu saumu, nikasikia sauti yangu inavyotoka, nikanyamaza.

"Nilijua, mama," akasema. Hakuwa na hasira. "Tangu mwaka juzi."

Halafu akaingiza mkono kwenye kikapu chake, chini ya korosho, akatoa kopo lingine, jipya, karatasi yake bado ipo, akaliweka kwenye kigae karibu na la kwangu. Halikutikisika. Akaniambia kuna mama wa mtaa wa pili naye siku hizi ananunua, na amepanga kumpitia akitoka hapa, ila amesema aanzie kwangu kwa sababu tumezoeana.

Nikavuta jamvi. Tukakaa tukahesabu, punje moja moja, kopo lake kisha langu. La kwangu lilikuwa limekula 11 zaidi. Akaniuliza tuanze kuhesabu tangu lini, nikamwambia tangu mwaka juzi, na miwili ya nyuma yake ambayo hakuiona.